Kufuata nguo kwa miguu: kutoka siku ya kwanza hadi siku ya posho, Lubumbashi

Mgeni akifika Lubumbashi kutafuta historia, anapelekwa moja kwa moja kwenye bomba la moshi la kiwanda cha shaba na kile kilima cheusi cha mabaki kilicho kando yake. Sawa, shaba ndiyo iliyouzaa mji. Lakini waliochimba na kuyeyusha shaba hiyo hawakufanya kazi uchi, na nguo zao zilitoka mahali fulani, zikapimwa na mtu fulani, zikashonwa kwenye baraza la duka fulani. Matembezi haya yanafuata nguo hiyo. Hayana kiwanda kimoja kikubwa cha kupigia picha. Yana makumbusho, reli, maduka, masini za miguu na soko, na kamba moja ya kupimia inayopita kote.

Siku ya kwanza (Jumatatu): ruhusa na vifaa

Leo hakuna kutembea. Siku hii iachwe kwa kuomba ruhusa: kupiga hodi makumbusho, kupita kwenye ofisi za komine (serikali za mtaa) za Kamalondo na Kenya, mitaa miwili ya mji huu (Kenya hii si nchi), na barua yenye majina ya kundi, na kuzungumza na mafundi watakaotembelewa. Kiongozi anayeona hili ni usumbufu ataijua faida yake siku ya tatu, mtu mwenye sare atakapouliza mnafanya nini karibu na reli.

Kundi lisizidi watu 10. Kibanda cha fundi kina nafasi ya masini, meza ya pasi na wateja wawili. Mkijazana 15 mnamfungia kazi. Kila mtu abebe chupa ya maji, kitambulisho, na franka za noti ndogo. Dola iliyochanika hata kidogo pembeni haipokelewi sokoni, kwa hiyo msiitegemee.

Mfuko wa kiongozi uwe na kamba ya katani ya mita 5, sentimita ya fundi (ile ya 150), kioo cha kukuzia, sindano nene, kiberiti, kitambaa cheupe cha pamba na kipande cha rafia kilichofumwa. Sindano si ya kushona. Ni ya kutenganisha nyuzi wakati wa kuzihesabu chini ya kioo.

Miezi mizuri ni Mei hadi Julai. Hakuna mvua, ila mji uko kwenye mita zaidi ya 1,200 na asubuhi za Juni zinauma, hivyo sweta inahitajika. Oktoba ni joto kali, na kuanzia Novemba vichochoro vya Kenya ni matope. Mwisho wa Agosti usijaribu kabisa: shule zinafungua Septemba, kila fundi ana rundo la mashati meupe na sketi za buluu, na hakuna atakayeinua kichwa kukuitikia.

Siku ya pili (Jumanne): makumbusho, rafia na mkono

Tunaanza ndani ya Makumbusho ya Taifa, kwa sababu ya kitu kimoja ambacho wengi hukipita haraka: misalaba ya shaba. Katika makaburi ya zamani ya bonde la Upemba, kama yale ya Sanga, misalaba hiyo imekutwa pamoja na wafu, na baadaye ilitumika kama pesa. Shaba na nguo zimebadilishana mikono katika nchi hii tangu kabla ya mji kuwepo. Kaskazini zaidi, kwa Wasonge, vipande vya rafia vyenyewe vilikuwa pesa. Kwa hiyo mtu aliyelipa mahari kwa vitambaa hakuwa amekosa pesa. Alikuwa anazihesabu.

Kipande cha rafia cha kiongozi kipitishwe mkono kwa mkono, maana kilicho nyuma ya kioo hakifundishi kitu. Uzi wake hausokotwi kama wa pamba. Jani changa la mwale, mti wa rafia, hukatwa kabla halijafunguka, ngozi ya juu inachunwa, inakaushwa juani, kisha inachanwa kwa kucha au chanuo mpaka ipatikane nyuzi nyembamba. Urefu wa uzi ni urefu wa jani, basi. Mfumaji hafungi mafundo ili kuuongeza, kwa hiyo kitambaa hakiwezi kuzidi urefu wa nyuzi za mtande (zile za urefu) zilizofungwa kwenye fremu. Ndiyo sababu rafia ni vipande vya mraba vinavyoshonwa pamoja, na vazi kubwa lina mishono mingi. Ukiona "rafia" ya mita tatu bila mshono, umeona kitu kingine.

Kosa la wanaonunua rafia ya zamani ni kuikunja mara nne na kuiweka kabatini. Uzi usiosokotwa unakatika kwenye mkunjo, na baada ya misimu michache ya kiangazi kitambaa kina msalaba wa nyufa katikati. Kizungushwe kwenye bomba la karatasi ngumu.

Halafu inakuja amerikani. Katika karne ya 19 misafara iliyoishia Bunkeya kwa mfalme M'siri ilileta bunduki, baruti, shanga na nguo kutoka pwani, ikarudi na pembe na shaba. Nguo kuu ilikuwa merikani, pamba isiyopaushwa iliyofumwa Massachusetts na kufikishwa Zanzibar kwa meli za Salem. Pamoja nayo kaniki iliyotiwa nili. Vita vya ndani vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba ile, na nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi. Jina likabaki. Huku kwetu bado ni amerikani hata ikitoka China.

Sasa kamba inafanya kazi yake. Vipimo vya msafara vilikuwa hivi: mkono ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, mikono minne ni shuka moja, kiasi cha yadi 2, mashuka mawili ni doti, gora (bunda zima) la yadi 30 linatoa doti saba na nusu. Kila mtu apime mikono minne kwa mkono wake mwenyewe, afunge fundo. Mwenye mkono wa sentimita 42 atapata mita 1.68, mwenye 50 atapata mita 2 kamili. Tofauti ni sentimita 32 kwa kila shuka, na katika mzigo wa gora moja ni zaidi ya mita 4. Hapo hakuna haja ya kueleza kwa nini mfanyabiashara alimtuma mtu mfupi kupima anapouza na mtu mrefu anaponunua. Msifungue mafundo hayo, yatahitajika Jumamosi, siku ya posho.

Siku ya tatu (Jumatano): reli, na pamba ya lazima

Kwenye kituo cha gari moshi kamera zibaki mfukoni. Reli, madaraja na majengo ya serikali hayapigwi picha bila karatasi, na mabishano yanaweza kula asubuhi nzima.

Reli ilifika hapa mwaka 1910 ikitokea kusini kupitia Sakania, mwaka uleule mji ulipoanzishwa kwa jina la Élisabethville. Kwa hiyo nguo za kwanza za mji hazikutoka Kinshasa wala Kisangani. Zilipanda kutoka bandari za Afrika ya kusini na Beira. Mwaka 1918 reli ikafika Bukama kwenye Lualaba, 1928 ikafika Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo, na 1931 ikaungana na ile ya Benguela iendayo Lobito, pwani ya Angola. Tarehe hizi zikaririwe mkiwa mmesimama mahali mnapoona njia zote, kwa sababu kila moja ilibadilisha bei ya kaputula.

Upande wa pili wa hadithi uko kaskazini. Kuanzia 1917 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kulima pamba. Mwaka 1920 ikaundwa kampuni ya Cotonco ya kuinunua na kuichambua. Mkulima hakuchagua zao wala bei. Katika kilo 100 za pamba yenye mbegu, mashine ya kuchambua inatoa nyuzi kati ya kilo 33 na 40. Kilichobaki ni mbegu, ambazo hukamuliwa mafuta ya sabuni. Mwenye kikapu alitembea na uzito ambao zaidi ya nusu yake si nguo.

Albertville, yaani Kalemie, kulikuwa na Filtisaf, kiwanda cha kusokota na kufuma. Ukitazama ramani unadhani nguo zake zilishuka hapa kwa urahisi, kwa kuwa ni Katanga ileile. Sivyo. Hadi 1956, reli ya Kabalo ilipounganishwa na Kamina, robota (furushi kubwa la nguo) lilipanda gari moshi hadi Kabalo, likashushwa, likapakiwa kwenye meli ya mtoni hadi Bukama, likashushwa, likapakiwa tena. Kila kushusha kuna kulabu inayotoboa na mvua inayoingia. Na nguo mpya ya bei ndogo ina wanga: nyuzi za mtande hupakwa kanji kabla ya kufumwa ili zisikatike kwa msuguano, na mara nyingi kanji nyingine huongezwa mwishoni ili kitambaa kionekane kizito. Wanga ukilowa unaota ukungu, na doa la ukungu la kijivu halitoki kwa sabuni. Anayeuza amerikani leo bado anafungua mikunjo ya ndani kabla ya kununua, na bado anainusa.

Siku ya nne (Alhamisi): mjini

Siku fupi. Tunatembea kwenye barabara za katikati ya mji, zilizopangwa kama mistari ya daftari, hadi sinagogi lililojengwa kuelekea 1930. Wayahudi kutoka kisiwa cha Rhodes walikuwa na mkono mkubwa katika biashara ya nguo hapa, pamoja na Wagiriki na Waitalia. Cha kutazama ni baraza za maduka ya zamani. Ndani kulikuwa na majora, na nje kwenye kivuli fundi na masini yake: mteja ananunua ndani, anapimwa nje, anaondoka na vazi. Utaratibu ule haujafa. Umehamia tu sokoni, ambako muuza vikwembe (vitambaa vya maua vya wanawake) na fundi bado wanakaa ubavu kwa ubavu, na kila mmoja anamtumia mwenzake wateja.

Chini ya baraza hizi ndipo pa kuzungumzia abakosti. Miaka ya 1970, chini ya Mobutu, suti na tai vilipigwa marufuku, wanaume wakavaa koti lisilo na tai, wanawake wakatakiwa kuvaa kikwembe, si suruali. Kwa mafundi ilikuwa kazi mpya kabisa. Koti linalofungwa hadi karibu na shingo halina tai ya kuficha kola, kwa hiyo kola ndiyo inayoonekana, na kitambaa kigumu cha ndani kikikatwa bila kufuata mwelekeo wa nyuzi, kola inajikunja upande mmoja baada ya kufuliwa mara mbili. Mafundi wazee wanatambuana kwa kola hiyo mpaka leo. Tai ilirudi baada ya hotuba ya Mobutu ya 24 Aprili 1990.

Mkiwa na muda, tafuteni picha za wachoraji wa mji. Tshibumba Kanda Matulu na wenzake wa miaka ya 1970 walichora juu ya nguo ya mifuko ya unga. Ukigeuza picha nyuma unaiona pamba yenyewe, na mara nyingine mabaki ya maandishi ya kiwanda cha unga.

Siku ya tano (Ijumaa): Kamalondo na Kenya, masini za miguu

Kamalondo ni mtaa mkongwe wa Waafrika, Kenya ikafuata. Wamisionari na wakoloni walifundisha wasichana kushona kwenye madarasa yao, wanaume wakajifunza kwa kukaa karibu na fundi. Hata leo mwanafunzi anaanza kwa kutengeneza vifungo na kupiga pasi, miezi kadhaa kabla ya kukalia masini.

Ingieni wawili wawili. "Jambo, papa. Tunaomba kuangalia masini yako, kama hatukusumbui." Akikubali, mnunulie uzi au mpeni kazi ndogo; muda wake ni mkate wake.

Masini nyingi ni Singer za zamani au Butterfly za China, zenye umbo lilelile, na zinapendwa kwa sababu moja: hazihitaji umeme. Tazameni kutoka chini kwenda juu. Kanyagio linasukuma gurudumu kubwa, mkanda wa ngozi unapanda hadi gurudumu dogo la juu, hilo linazungusha mhimili unaoshusha sindano na kusogeza meno yanayovuta nguo. Mkanda ndio wa kwanza kusumbua. Ngozi inanyooka, inaanza kuteleza, na kanyagio linazunguka bila sindano kushuka. Fundi anafungua kishikizo cha waya, anakata sentimita moja, anatoboa tundu jipya, anafunga. Asiyejua anakata tatu kwa mkupuo. Hapo mkanda unabana mno, mguu unachoka kabla ya mchana, na matundu ya mhimili yanaliwa upande mmoja.

Kosa la pili ni lile linaloonekana zaidi kwa wanaoanza: uzi unajikusanya chini ya nguo kama kiota. Wengi wanalaumu bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Karibu kila mara tatizo ni uzi wa juu. Visahani viwili vinavyobana uzi hufunguka pale tu mguu wa kukandamiza unapoinuliwa. Ukipitisha uzi mguu ukiwa chini, uzi unapita juu ya visahani na haubanwi. Inua mguu, toa uzi wote, upitishe upya. Ili kurekebisha mvuto, shona kwenye kipande kilichokunjwa mara mbili, uzi mweusi juu na mweupe chini. Meupe yakitokeza juu, uzi wa juu umebanwa sana. Vitanzi vyeusi vikionekana chini, umelegea. Badilisha skrubu robo mzunguko tu, kisha ujaribu tena.

Sindano namba 80 au 90 inatosha kikwembe, 100 au 110 kwa jinzi. Ubapa wake ukikaa kinyume masini inaruka mishono au haishoni kabisa. Mafuta ni yale mepesi ya masini, tone moja au mawili kila tundu. Mafuta ya kupikia yanaganda kuwa gundi, na wiki mbili baadaye masini inazunguka kama imejaa asali.

Pasi ya makala (makaa) inastahili dakika kumi peke yake. Makala yawe yamewaka kabisa nje kabla ya kuingizwa, pasi ipepewe nje mbali na nguo ili majivu yatoke kwenye matundu, kisha ifutwe kwenye kitambaa chenye maji. Cheche moja kwenye shati jeupe la mwanafunzi inamgharimu fundi shati zima.

Siku ya posho (Jumamosi): soko la Kenya

Jina la siku lenyewe linakumbusha posho ya kila wiki ya wafanyakazi, na bado ndiyo siku ambayo pesa inatembea. Mfike mapema. Mchana hamtapata nafasi ya kukunjua kitambaa.

Kikwembe kinauzwa kwa yadi, si kwa mita. Piesi nzima ni yadi 12, karibu mita 11. Nusu piesi ni yadi 6, mita 5.49, kikwembe kimoja ni yadi 2, yaani shuka ileile ya msafara. Nusu piesi inatoa libaya (blauzi), kikwembe cha kuvaa na kikwembe cha juu. Sasa toeni kamba na mafundo ya siku ya pili, muombe kwa adabu: "Mama, unaturuhusu tupime?" Vipo vifurushi vilivyoandikwa yadi 6 vyenye mita 5 tu. Nusu mita iliyopotea inaonekana kwa fundi, mikono ya libaya inapokosa kitambaa.

Wax, kikwembe cha kutiwa rangi kwa utomvu, ikiwa ya kweli inatambulika ukijua ilivyotengenezwa. Pamba iliyopaushwa inapita kati ya roli mbili za shaba zilizochongwa, zinazoipaka utomvu wa moto pande zote mbili kwa pamoja. (Ndiyo, shaba.) Inazamishwa kwenye nili, penye utomvu rangi haiingii. Kisha utomvu unavunjwavunjwa, rangi inapenya kwenye nyufa na kuacha mishipa myembamba, unaoshwa, na rangi nyingine zinaongezwa juu. Vlisco ya Helmond, Uholanzi, iliyoanzishwa 1846, ndiyo inayojulikana zaidi.

Kwa hiyo geuza kitambaa: wax ina nguvu sawa nyuma na mbele, ya kuigiza ina mgongo uliofifia. Halafu kunja kitambaa ili ua lilelile likutane na mwenzake wa mita moja mbele, ulinganishe nyufa. Katika wax nyufa hazifanani kamwe, kwa sababu utomvu hauvunjiki mara mbili kwa namna moja. Zikifanana kabisa, zimechapwa. Jaribio hili linashinda maandishi ya pindoni, ambayo mtu yeyote anaweza kuyaiga. Baada ya hapo sugua kona kati ya kucha: unga mweupe ukitoka ni kanji, na nguo itabaki nyepesi ikifuliwa. Loweka kitambaa cheupe, sugua, uone kama rangi inahama. Uzi mmoja wa pembeni ukichomwa, pamba inanuka karatasi na kuacha majivu laini. Plastiki inayeyuka na kuacha shanga ngumu. Jaribio la moto lifanywe nje ya kibanda, baada ya kulipa.

Kabla ya kukata, kitambaa kiloweshwe usiku mmoja na kukaushwa, maana pamba inaweza kurudi sentimita 3 hadi 5 katika kila mita. Ndege na maua yenye shina vina kichwa na miguu: fundi akigeuza mgongo wa libaya ili kubana kitambaa, ndege watatembea kichwa chini nyuma ya mvaaji. Kwa michoro hiyo ongeza yadi moja.

Upande wa mitumba hesabu ni kilo. Balo la kawaida ni kilo 45, limefungwa kwa mikanda ya plastiki, na mengi yanaingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mnunuzi haoni ndani. Anachoweza kufanya ni kulipima tena uzito, kuangalia kama mikanda imefunguliwa na kufungwa upya, na kubonyeza pembe za chini akitafuta unyevu, kwa kuwa maji nayo yanauzwa kwa kilo. Linafunguliwa alfajiri, na nguo nzuri zinaondoka katika saa ya kwanza kwa wauzaji wenzake. Zisizofaa kuvaliwa zinaishia kwenye magereji kufutia mafuta, na vipande vya vikwembe vinavyoanguka chini ya meza za mafundi vinakusanywa jioni kwenye magunia, vya kujaza mito.